Alama Nne za Mwandiko

Nyumbani,
Jumapili, tarehe 26 Septemba.

Kaka yangu mpendwa,

Kabla ya neno lolote pokea salamu zangu, kisha unijibu moyoni hapo hapo ulipo: hujambo? Kile kikohozi alichokisikia Mama kwenye simu mwezi wa sita kimekwisha, au bado unakiita mafua tu? Na kazi ya ukalimani mahakamani inakwendaje? Mama huwatambia majirani kwamba hakimu na mshtakiwa hawawezi kuelewana mpaka wewe ufungue mdomo. Juzi fundi cherehani wa mlango wa pili akamjibu kwamba hiyo si kazi ndogo, maana yeye na mkewe wanatumia lugha moja na bado wanamhitaji mtu kama wewe.

Sisi huku hatujambo. Mama goti linamsumbua akipanda ngazi, lakini mdomo haujapata ugonjwa wowote. Mimi bado niko masijala ya hospitali. Nimepewa chumba cha pili cha mafaili, na ufunguo wake nauvaa shingoni kama kidani. Ulinibandika jina la Karani nikiwa na miaka tisa kwa sababu niliandika tarehe ya kila kitu, hata siku paka alipozaa, na jina limeng'ang'ania. Sasa hata daktari mkuu ananiita hivyo. Shajara bado naandika. Tarehe zote utakazosoma humu nimezitoa huko, sikubahatisha hata moja.

Najua hukuzoea barua kutoka kwangu. Unene wa bahasha usikushtue, hakuna aliyekufa. Naandika kwa sababu Baba anakuomba ruhusa, na kwa sababu mimi nina langu ambalo lazima lifike pamoja na hilo la Baba. Likifika la Baba peke yake litakuwa uongo, ingawa yeye hakusema uongo. Nivumilie nilipange kwa utaratibu. Unajua siwezi vinginevyo.

Macho ya Baba yameingia ukungu. Daktari anasema ni mtoto wa jicho, pande zote mbili, na yatapasuliwa moja baada ya jingine zamu yake itakapofika. Anaona mwanga wa dirisha, anaona kwamba mtu amesimama mbele yake, lakini herufi hazioni kabisa. Kwa Mwalimu Muktadha hiyo ni sawa na mpishi kuzibwa pua. Wanafunzi ndio waliompa jina hilo, lakini sisi nyumbani ndio tulioteseka nalo. Mtu akiomba sukari anaulizwa muktadha wa sukari.

Mwezi wa saba alikuja nyumbani mwalimu kijana aliyerithi darasa lake la fasihi ya Kiingereza, binti mwenye viatu vya michezo na sauti ya mtangazaji. Alimwomba Baba akusanye maelezo yake yote ya mashairi na tamthilia za kale yawe kitabu cha mwongozo, kwa sababu wanafunzi wanasoma nakala za nakala, zimefifia mpaka beti nzima zimegeuka vivuli. Mchapishaji amepatikana, naye anaitaka kazi mwisho wa Oktoba. Baba alijifanya kufikiria kwa siku mbili. Siku ya tatu akaniuliza kama bado nina mwandiko mzuri.

Tulianza Jumatatu ya tarehe 6. Narudi kazini saa kumi, nakunywa chai, kisha tunakaa dirishani mpaka mwanga unapopungua. Namsomea shairi mara tatu. Mara ya kwanza hasemi lolote, ananyamaza kama mtu anayepimwa presha. Mara ya pili anauliza yale yale matatu: nani anasema, anamwambia nani, na kwa nini leo wala si jana. Mara ya tatu ndipo anapoingia kwenye muktadha, na hapo sharti uwe na wino wa kutosha: maisha ya Uingereza ya karne zile, vita, maradhi, nani aliruhusiwa kusoma na nani alikatazwa, nani alikaa mbele jukwaani na nani alisimama nyuma. Anasema mwanafunzi mvivu hukimbilia dhamira kama mtu anayeuliza nani kaoa kabla hajajua nani kaposa.

Tarehe 9 tulifikia lile shairi la mke wa askari anayefua shati la mumewe kila juma, na mume hajarudi vitani huu mwaka wa saba. Miaka yote Baba amefundisha kwamba shati lile ni tumaini. Mama alikuwa anachambua mchele mlangoni, akadakia kwamba si tumaini hata kidogo. Yule mwanamke anafua ili majirani walione shati kwenye kamba wasianze kuuliza maswali. Baba akamwambia hajalisoma shairi. Mama akasema ni kweli hajalisoma, lakini kufua amefua. Nilidhani ugomvi umeanza. Badala yake Baba akaniambia niandike: maoni mengine, ya msomaji mwenye uzoefu. Mama alicheka mpaka mchele ukamponyoka. Lakini dakika chache baadaye nilimwona anajifuta macho kwa mkono wa gauni. Kaka, lile shati lako la bluu bado linafuliwa humu ndani. Miaka yote naliona kwenye kamba, na sikuwahi kujiuliza kwa nini.

Kufikia tarehe 15 tulikuwa tumemaliza mashairi yote na tamthilia mbili. Ikabaki moja, na wewe huhitaji kuambiwa ni ipi. Kila nilipoifungua Baba alikuwa na sababu. Leo kichwa kinamgonga. Leo mwanga ni hafifu, ingawa mimi mwenye macho sikuuona uhafifu wake. Leo turudie alama za vituo katika kazi ya jana. Nikaisoma mwenyewe, maana tangu shuleni sikuwa nimeigusa. Mji umefungwa kwa sababu ya tauni. Mlinzi wa lango ameapa kutomfungulia mtu. Mwanawe anarudi kutoka safarini, anagonga, na baba mtu anasimama upande wa ndani, funguo mkononi, anamhutubia habari za sheria mpaka kugonga kunakoma. Maelezo ya Baba unayajua, yamekaririwa na watu ambao sasa ni babu: dhamira kuu ni wajibu, muktadha ni mji ambao mtu mmoja akilegeza komeo, mtaa mzima unazikwa.

Nawe uliandika insha yako. Sipendi kukurudisha kwenye Alhamisi ile ya miaka kumi na tatu iliyopita, lakini nataka ujue ninavyoikumbuka. Wewe ulikuwa kidato cha sita na Baba ndiye mwalimu wako. Alisimama mbele ya darasa akaisoma insha yako kwa sauti: kwamba mlinzi hafuati sheria bali amejificha nyuma yake, kwamba tauni haiogopi nusu ya anavyoogopa kuonekana anapenda, na kwamba mtu wa namna hiyo wewe umemwona, anakula mezani kila siku na kuomba apitishiwe chumvi. Darasa likaangua kicheko. Baba akakupa alama nne kati ya ishirini na tano, akatangaza kwamba zote nne ni za mwandiko. Ukachukua daftari lako, ukatoka. Mtihani wa mwisho uliufanya ukilala kwa rafiki yako, na matokeo yalipotoka ulikuwa umeshavuka mpaka.

Sasa sikiliza. Jumanne iliyopita, tarehe 21, yule mwalimu kijana alipita kuchukua kurasa zilizokamilika. Akauliza tamthilia ya tatu iko wapi. Baba akasema hiyo inahitaji muda. Binti wa watu, bila ubaya wowote, akamwambia jamani Mwalimu, si ndiyo hii unayoijua hata usingizini? Alipoondoka Baba akaniambia nichukue kalamu.

Akasema niandike: dhamira kuu, woga. Nikainua kichwa. Akaniuliza kama kalamu imekwisha wino. Nikaandika. Akaendelea bila kusita, kiganja kikipiga goti polepole, sentensi ikifuata sentensi, na nilipofika ya nne nilikuwa nimeshajua ya tano itasema nini. Ilikuwa insha yako, kaka. Neno kwa neno. Mtu ambaye hakumbuki alikoweka fimbo yake aliitoa yote kichwani kama anayesoma ukutani. Alifika mpaka kwenye chumvi, akaitamka kwa sauti ile ile, kisha akaniambia hiyo tu isiingie kitabuni, wanafunzi wa siku hizi hawamjui mtu huyo.

Kisha akasema mengi ambayo sijawahi kumsikia akisema. Alisema alijua siku ile ile, kabla hujafika getini, kwamba insha ile ilistahili ishirini na tatu, na kwamba alitoa nne kwa kuwa aliona aibu kutoa ishirini na tatu. Amesahihisha maelfu ya insha, na wanafunzi wote, hata wenye akili kali, waliandika kile walichodhani anataka kusikia. Mwanawe peke yake, akijua nani atashika kalamu nyekundu, alimtazama usoni akamwambia. Alisema hata yeye akiwa kijana hakuthubutu kumfanyia baba yake hivyo. Unajua Baba hasifii. Amekaa na sifa hizi miaka kumi na tatu, amezikunja kifuani. Anataka ukurasa ule utoke kwa jina lako, si lake, na anaomba ruhusa yako. Nilimuuliza kwa nini hakuomba siku zote hizi na wewe unapiga simu kila Jumapili. Akasema mtu jasiri haombwi radhi kwa dakika tatu kwenye simu ya mama yake.

Na kwa taarifa yako, simu yako ikiingia, Baba hutoka chumbani lakini haendi mbali. Husimama ukumbini karibu na redio, akaipunguza sauti.

Ningepaswa kufurahi. Badala yake nilikwenda bafuni, nikaketi juu ya ndoo iliyopinduliwa, nikakaa humo mpaka Mama akauliza kama bomba limepasuka. Kwa maana ujasiri ule anaousifu Baba, kaka, wewe hukuufanya. Mimi na wewe tunajua. Wewe unaijua nusu moja, mimi naijua nusu ya pili, na nusu yangu ndiyo hii.

Unakumbuka kazi yangu Baba alipoleta madaftari ya darasa nyumbani. Niliyapanga kwa mfuatano wa majina, nikafungua kila daftari kwenye insha, nikalilaza wazi ndani ya lenzake, ili yeye akimaliza moja akute jingine tayari, asipoteze muda kupekua. Na unakumbuka desturi yako, ambayo wengi wetu tulikuwa nayo: upande wa mbele wa daftari ni wa mwalimu, na ukiligeuza juu chini, ukaanza kwa nyuma, huko ni kwako mwenyewe. Mbele uliandika insha ya wajibu. Nilikuwa na miaka kumi na mitano, niliisoma, nikaona imevaa suti na tai. Nikageuza daftari. Insha ya nyuma niliisoma nikiwa nimesimama. Sikuelewa yote, lakini nilirudi mwanzo nikaisoma tena.

Nikalifungua daftari lako kwa nyuma, nikaliweka kwenye rundo.

Natamani ningekuambia kwamba nilikosea. Nimejaribu kujiambia hivyo kwa muda mrefu, lakini shajara yangu ya Jumatano ile ina mstari huu kwa mkono wangu: Nimefungua la kaka kwa nyuma, Baba ataona. Nilidhani atashangaa. Nilidhani utapata ishirini na tano. Ule mstari wa chumvi niliuona na nilidhani atacheka, kwa sababu mimi nilicheka. Nilikuwa nimepanga kwamba mkishafurahi, nitasimama mlangoni niseme ni mimi niliyeichagua. Ndicho nilichokitaka. Ninyi wawili mlikuwa mkibishana mashairi mezani tangu nikiwa mdogo, na mimi kazi yangu ilikuwa kufungua kurasa. Nilitaka siku moja ijulikane kwamba na mimi nasoma.

Jioni ya Alhamisi ulirudi kuchukua nguo zako. Nilikuwa nyuma ya pazia la chumba cha Mama. Nilikusikia ukimwambia kwamba Baba amepekua daftari lako mpaka nyuma, na kwamba huwezi kuishi katika nyumba ambayo hata mgongo wa daftari unakaguliwa. Na nilimsikia Baba upande wa pili wa ukuta akisema umemtukana kwa makusudi, tena katika daftari la darasa lake. Sentensi moja kutoka kwangu ingewatosha wote wawili. Nilikuwa nayo mdomoni. Siku ya kwanza niliizuia kwa woga, siku ya pili kwa aibu, kisha ukawa umeshavuka mpaka. Mama hakumwambia Baba uliyosema, kwa kutaka amani. Mimi sikumwambia mtu yeyote nililofanya. Siri ya mtungi aijuaye kata, na kata lenyewe lilikaa kimya likiwachotea maji.

Juzi Ijumaa, tarehe 24, nilimwambia Baba. Nilimwambia kabla hatujaanza kazi, nimesimama, kama mwanafunzi aliyeitwa mbele. Mama alikuwepo. Mama ndiye aliyesema kwanza. Aliniuliza, wewe Karani, miaka kumi na tatu, jambo kama hilo ulilifaili wapi? Hakuwa anatania. Hajanipa jibu la salamu sawasawa mpaka leo.

Baba hakunikemea. Nilikuwa nimejiandaa kwa makemeo. Aliniuliza ile insha ya mbele ilisema nini. Nikamwambia ilisema dhamira kuu ni wajibu. Akauliza iliandikwa vizuri? Nikamwambia vizuri sana, kama alivyofundisha, hata mifano ilikuwa yake. Akauliza angeipa ngapi. Nikasema ishirini. Akatikisa kichwa kwamba ndiyo, ishirini. Kisha akasema, kwa hiyo mwanangu aliniogopa kama wengine.

Hakuliuliza kama swali. Kaka, nilikuwa nimemwendea nikidhani namtua mzigo, kwamba akijua hukukusudia kumtukana atapumua. Kumbe tusi lile ndilo alilokuwa amelitunza. Kwa miaka yote alikuwa na mtoto mmoja aliyethubutu kumwambia ukweli, na mimi nikamwondolea huyo mtoto kwa dakika tano. Siku hiyo hatukuandika kitu. Alikaa dirishani na uso ameuelekeza kwenye mwanga.

Jana Jumamosi aliniita mapema. Aliniagiza nikuandikie haya kama alivyoyasema, nami nayaandika hivyo. Kwamba insha ni nzuri hata kama haikuandikwa kwa ajili yake, pengine ni nzuri kwa sababu hiyo. Kwamba ombi la ruhusa liko pale pale, na ukikataa ukurasa ule utabaki nje ya kitabu, hatauandika mwenyewe. Kwamba angejua kuwa ni ya kwako peke yako, angelifunga daftari, angelirudisha, na angesubiri labda siku moja umwonyeshe. Nikadhani amemaliza, nikafunika kalamu. Akaniambia nifunue. Akasema niandike kwamba anakuomba umsamehe kwa kukufanya uwe na upande wa nyuma.

Hayo ndiyo ya Baba. Langu ni kwamba mimi siombi chochote. Hamkuachana kwa sababu ya mlivyo ninyi wawili peke yake. Mliachana kwa sababu niligeuza daftari kisha nikanyamaza. Mlikosana juu ya jambo ambalo hakuna kati yenu aliyelifanya. Ukitaka kunikasirikia, una haki, na haki hiyo haina ukomo. Lakini usimpe Baba adhabu yangu. Ameitumikia ya kutosha.

Mama anakusalimu, anasema ukija usilete zawadi za glasi kwa kuwa kabati limejaa. Fundi cherehani anakusalimu pia na anataka vipimo vyako vipya, anadai mtu akikaa ugenini hunenepa kiunoni. Mwalimu kijana hakujui, lakini tangu asikie ukurasa ule utakuwa wa nani ameuliza mara mbili kama utakuja kuzungumza na darasa lake. Nimemwambia sijui.

Jambo moja zaidi, ulijue kabla hujashika kalamu. Baba atakapopata barua yako hataweza kuisoma. Mama miwani yake ilivunjika na kwa vyovyote hupenda kuruka mistari. Msomaji atakuwa mimi. Basi andika yote uliyo nayo juu yangu, usipunguze makali kwa kunihurumia. Nitakaa mbele ya Baba dirishani na nitamsomea kwa sauti, tangu salamu mpaka sahihi, sitageuza ukurasa wala kuruka neno.

Mdogo wako akupendaye,
Karani